Wivu wa Libérat na Maziwa ya Pudentienne

Kila asubuhi pale Sange, katika bonde la Rusizi, jua likiwa bado halijawa kali, Libérat Nshimirimana alibeba jembe lake akaenda shambani. Alilima pamba. Mkewe Pudentienne alibaki nyuma kidogo. Alichota maji, akawasha moto, akamlisha mtoto wao Firmin, kisha naye akafuata. Mchana walikula bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, pembeni mwa shamba. Hawakuwa na mengi, lakini hawakulala njaa.

Libérat alikuwa mchapakazi. Hakuwa mlevi, na misa ya Jumapili hakuikosa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na Sange nzima iliijua. Alikuwa na wivu. Tena wivu wake haukuwa wa mchezo. Mwanamume akimsalimu Pudentienne kwa maneno mawili, Libérat alitaka kujua lile la pili lilikuwa la nini. Siku moja muuza chumvi alimwongezea Pudentienne kipimo. Libérat aliirudisha chumvi yote sokoni. Wiki nzima alikula chakula kisicho na chumvi, akikunja uso kila tonge, na bado alisema ni kitamu.

Mwaka ule, pamba ilipokwisha kuvunwa, Libérat alikwenda Uvira. Alipata kazi bandarini Kalundu, kupakia marobota ya pamba melini. Alikaa huko miezi miwili. Mwili wake ulikuwa Kalundu, lakini kichwa chake kilibaki Sange, kikizunguka nyumba yake. Aliporudi alikuta kila kitu salama. Mke yupo, mtoto mzima, na shangazi yake mzee, Kankindi, anaanika mihogo uani kama siku zote. Alifurahi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumapili.

Kanisani wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine. Jirani yao Agathe alitaka kwenda kupokea komunyo, akampa Pudentienne kitoto chake amshikie. Kitoto kikalia kwa nguvu. Pudentienne akakikumbatia kifuani, akakibembeleza. Libérat, ambaye hata kanisani jicho lake moja lilimlinda mkewe, aliona alama ya maji ikitokea kwenye blauzi yake. Kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Padri aliendelea na misa, lakini Libérat hakusikia tena neno lolote.

Walipofika nyumbani hakungoja hata kuvua viatu.

"Mama Firmin, ile nini iko kwa blauzi yako?"

"Ni maziwa," Pudentienne akajibu. "Mutoto wa Agathe alilia, ikatoka."

"Maziwa gani? Firmin aliacha kunyonya tangu mavuno ya mupunga, mbele minye sijaenda Kalundu!"

"Minye sijui, Baba Firmin. Ilitoka tu yenyewe."

"Maziwa haitokake tu. Kila maziwa iko na baba yake. Uniambie baba ya hii ni nani."

Pudentienne alimtazama, asiamini masikio yake. Kisha alilia. Libérat alipoona machozi, akayahesabu kuwa ushahidi. Wivu ukishamwingia mtu, kila kitu ni ushahidi. Angecheka, angesema anacheka kwa sababu ana hatia. Angenyamaza, angesema amekosa la kujibu.

Mawazo yake yakaanza kukimbia. Pengine mkewe alipata mimba alipokuwa mbali. Pengine mimba ilitoka, wakaficha. Na mwanamume ni nani? Labda Jean-Berchmans, fundi cherehani wa sokoni, maana yeye ndiye aliyeshona ile blauzi. Alimpima vipi? Alishika wapi? Libérat aliumia moyo hata akashindwa kula.

Jioni alimwendea Kankindi. Kankindi alikuwa dada wa marehemu baba yake, mjane aliyemlea Libérat utotoni, na sasa aliishi nao uani. Kwao ilikuwa desturi kwamba jambo la mwili wa mwanamke huangaliwa na mwanamke mzee wa ukoo. Mzee hukamua titi, akatazama kinachotoka, akasema kama mwanamke ana mimba au hana. Watu waliliamini neno lake.

"Senge," Libérat akasema, maana ndivyo walivyomwita shangazi, "unisaidie. Umukamue muke yangu, uone."

Kankindi alimwingiza Pudentienne ndani, akamkamua. Tone jeupe likatoka kila upande. Akatoka nje akasema kweli aliyoiona.

"Maziwa iko. Lakini ni kidogo tu."

"Iko ya zamani ao ya sasa?"

"Mwanangu, macho yangu haiwezi kujua ile."

Hapo Libérat akapata wazo. Alijiona mwerevu sana. Alisema hivi: maziwa ya zamani ni kama maji yaliyobaki mtungini. Ukiyamimina kila siku, yataisha. Kama hayaishi, basi yanatoka mahali fulani, na hayo ni mapya. Kwa hiyo Kankindi atamkamua Pudentienne kila asubuhi. Yakiisha, mke hana kosa. Yasipoisha, arudi kwa baba yake, kijijini Katogota.

Pudentienne alikubali. Alijua moyoni kwamba hana kosa, kwa hiyo alijua yataisha.

Hayakuisha. Yaliongezeka. Mwanzoni lilikuwa tone. Siku zilivyopita yakawa matone, kisha yakatiririka hata kabla Kankindi hajakamua vizuri. Kila asubuhi Libérat alisimama mlangoni akiuliza, "Namna gani, Senge?" Na kila asubuhi Kankindi alijibu kwa sauti ndogo zaidi, "Ingali inatoka." Libérat alikwenda shambani na jibu hilo, akalima kwa hasira. Alikata magugu, akakata na miche ya pamba.

Matiti ya Pudentienne yalianza kuuma. Chuchu zikawa nyekundu. Alilala bila kujigeuza. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba mwili wake mwenyewe ulikuwa unamshitaki. Hata yeye alianza kujiogopa. Je, nina ugonjwa? Je, nimerogwa?

Asubuhi moja Libérat alitoa nje sanduku la mkewe la mbao, akaliweka chini mbele ya mlango.

"Mangaribi kamyo ya Katogota itapita," akasema. "Utapanda."

"Nitapanda," Pudentienne akajibu. Safari hii hakulia. "Lakini kwanza tuende ku dispansere. Leo ni siku ya kupima batoto, Mama Émérance iko pale. Akisema maziwa hii ni ya mwanaume, minye mwenyewe nitabeba sanduku. Hautanisukuma."

Libérat alisita. Dispansere, yaani zahanati, ilikuwa na muuguzi mwanamume, Norbert, na Libérat alikuwa radhi afe kuliko Norbert aone kifua cha mkewe. Lakini Mama Émérance alikuwa mwanamke. Alikuwa mzalishaji, Muvira wa kando ya ziwa, aliyesomea kazi hiyo kwa masista. Watoto wengi wa Sange walipita mikononi mwake, na Firmin mmojawapo. Libérat akakubali. Kankindi naye akafuatana nao, kwa kuwa ndiye aliyekamua, ndiye shahidi.

Mama Émérance alimaliza kupima watoto, akawaingiza wanawake wawili katika chumba chake. Libérat alibaki kwenye benchi barazani, akitikisa mguu. Ndani, Mama Émérance alinawa mikono. Alimtazama Pudentienne kwanza bila kumgusa. Kisha alipapasa titi lote polepole kwa vidole vilivyonyooka, mpaka kwapani. Hakuikamua chuchu. Huku akipapasa aliuliza.

"Inatoka ku titi moja ao yote mbili?"

"Yote mbili, Mama."

"Rangi gani? Nyeupe? Ulishaona damu?"

"Nyeupe tu. Damu hapana."

"Mwezi yako inakuja vizuri? Haukosi?"

"Inakuja kila mara."

"Kichwa inauma sana? Macho inaona vizuri? Kuko dawa unakunywa?"

"Hapana, Mama. Minye niko muzima. Ni matiti tu inauma, juu ya kukamuliwa."

Mkono wa Mama Émérance ukasimama. "Juu ya kukamuliwa na nani?"

Pudentienne alimtazama Kankindi. Kankindi alitazama chini, na Pudentienne akaeleza yote, tangu kanisani. Mama Émérance akaufungua mlango.

"Baba Firmin, ingia."

Libérat aliingia akiwa amekunja ngumi. Alitaka kuambiwa kwamba mkewe hana kosa, na papo hapo alitaka kuambiwa kwamba hakukosea kumshuku. Mambo hayo mawili hayakuweza kwenda pamoja, lakini yeye aliyataka yote.

"Ni nani alisema huyu mwanamuke akamuliwe kila siku?"

"Ni minye. Tulikuwa tunamaliza maziwa ya zamani."

"Weye ulikulia wapi, Baba Firmin?"

"Hapa hapa Rusizi. Nilichunga ngombe za baba yangu mpaka nikaoa."

"Vizuri. Basi unifundishe. Ngombe ukitaka maziwa yake ikauke, unafanya nini?"

Libérat alikaribia kucheka kwa swali rahisi namna hiyo. "Unaacha kumukamua."

"Na ukimukamua kila siku?"

"Anaendelea kuto..."

Alimtazama Kankindi, akamtazama mkewe, akatazama sakafu.

"Umalize," Mama Émérance akasema.

"Anaendelea kutoa," Libérat akasema kwa sauti ya chini.

"Ulisema maziwa iko na baba yake. Muke yako ameniambia. Basi nimekupatia yule baba. Ni weye. Kila asubuhi weye ulikuwa unaita maziwa, na maziwa ilikuwa inaitika."

Libérat alitamani ardhi immeze. Mtoto wa wafugaji! Jambo ambalo alilijua tangu akiwa mdogo, wivu ulimfumba macho asilione.

Mama Émérance hakumcheka. Aliwakaribisha wote wakae, akawaeleza vizuri.

"Musikilize. Mutoto akiacha kunyonya, maziwa haikauke siku moja. Ku wengine inabaki miezi, ku wengine mwaka, hata kupita. Mama akisikia mutoto analia, inaweza kutoka kidogo. Ile si uzinzi. Si uchawi. Ni mwili unakumbuka kazi yake. Mukiiacha bila kukamua, bila kusugua, bila kuangalia kila siku kama iko, itakauka polepole. Mama Firmin, ufunge kitambala safi kwa kifua, kisikaze sana. Na weye, Baba Firmin, ule mukono wako uache mbali."

"Tutajua namna gani kama imekauka?" Libérat akauliza upesi.

"Hautajua. Utangoja."

Jibu hilo lilimchoma Libérat kuliko yote.

"Lakini musifikiri kila kinachotoka ni cha kuacha," Mama Émérance akaendelea. "Kama mwanamuke haone tena mwezi wake na maziwa inatoka, aje: pengine ni mimba, pengine ni kitu kingine. Kama kichwa inamuuma sana na macho inaanza kupotea, aje. Kama titi inavimba, inawaka moto, na homa, aje siku ile ile. Na hii muishike sana: kama inatoka ku titi moja tu, inatoka yenyewe bila kuguswa, na iko damu ao maji maji, aje. Kama anasikia kidonge kigumu ndani, ao ngozi inavutwa, ao chuchu inaingia ndani, aje hata kama hasikii uchungu. Asingoje uchungu."

"Na kama ni mwanamuke muzee?" Kankindi akauliza.

"Muzee ndiyo akimbie zaidi."

"Hata mujane?"

Mama Émérance alimtazama vizuri. "Hata mujane, Mama. Kuko mutu unamujua?"

"Hapana, hapana. Niliuliza tu," Kankindi akasema, akavuta kikwembe, nguo yake ya kujifunika, mpaka shingoni.

Jioni ile kamyo ya Katogota, lile lori, ilipita, na sanduku likarudishwa ndani. Libérat alisema, "Mama Firmin, nilikosa." Pudentienne alijibu, "Nimesikia," akaendelea kupepeta mchele. Hakuwa amesamehe, na mimi simlaumu.

Sasa ikaanza kazi ngumu, kazi ya kutoangalia. Msomaji, usifikiri wivu unatoka siku moja kwa kuambiwa. Libérat alikuwa ameelewa kwa kichwa, lakini tumbo lake lilikuwa halijaelewa. Pudentienne akifua, yeye alijikuta ana shughuli karibu na kamba ya nguo. Akiinama kupuliza moto, macho ya Libérat yalikwenda kifuani, kisha akayavuta kwa nguvu yatazame sufuria. Ndani yake sauti ilimwambia: pengine Mama Émérance amemficha, wanawake hufichana. Pengine yangali yanatoka.

Pamba mpya ilipofika magotini, alishindwa. Pudentienne alikuwa amekwenda mtoni. Libérat alimfuata Kankindi alipokuwa akimenya mihogo.

"Senge, umukamue mara moja tu. Moja. Nijue, nitulie."

Kankindi aliweka kisu chini.

"Hapana."

Tangu azaliwe Libérat alikuwa hajasikia shangazi yake akimkatalia.

"Ukikamua mara moja, unaanza tena upya. Ulisikia," Kankindi akasema. "Na kuko ingine. Kaa chini."

Libérat akakaa. Mama mzee alitazama huku na huku, kisha akakifungua kikwembe chake kidogo begani. Kwenye nguo ya ndani, upande wa kushoto, palikuwa na alama nyekundu nyeusi ya damu iliyokauka.

"Inatoka yenyewe," akasema. "Titi hii moja. Tangu weye ulikuwa Kalundu."

"Senge! Juu ya nini haukusema? Hata ku dispansere, Mama Émérance alikuuliza!"

"Nilikuwa nataka kusema. Siku ile ulirudi ningesema. Kisha nikaona muke yako, kijana, iko na bwana, maziwa nyeupe tu imemutoka, na weye ukamutafutia mwanaume. Nikajiuliza, minye mujane, muzee, kintu kinatoka ku titi yangu, huyu mutoto atanitafutia nini?"

Machozi yalimtoka Libérat, na hakuyafuta. Alijua sasa wivu wake umefanya nini. Ulikuwa umemuumiza mke mbele ya macho yake, na nyuma ya mgongo wake ulikuwa umemfunga mdomo mama aliyemlea.

Hakungoja Pudentienne arudi. Alikimbilia dispansere kwa miguu. Mama Émérance alikuja, akampapasa Kankindi, akasema hawezi kujua ni kitu gani mpaka daktari aone. Kamyo ya pamba ingeondoka kesho asubuhi kwenda Uvira. Apande hiyo, aende hospitali, na mtu wa kumtunza aende naye.

"Nitaenda minye," Libérat akasema.

"Ku chumba ya banamuke?" Mama Émérance akauliza. "Hautaingia. Ataenda mwanamuke."

Mwanamke mwingine wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, Pudentienne.

Asubuhi kamyo ilisimama barabarani. Dereva alikuwa Thaddée, kijana wa Kavimvira, mwenye kofia iliyoinamishwa upande na kicheko cha karibu. "Mama, panda hapa mbele, mahali ni pazuri!" akamwita Pudentienne. Zamani neno hilo moja lingetosha kuleta vita. Libérat akawaza: Uvira! Bandari! Na hakuna anayejua ni siku ngapi. Pudentienne alisimama na mzigo kichwani, akimtazama mumewe, akingoja.

Libérat alimpandisha shangazi yake. Kisha akamshika mkewe mkono, akampandisha naye, mbele, pale pazuri.

"Mukae muda dokotere atasema," akasema. "Firmin iko na minye."

Kamyo ikaondoka na vumbi lake. Wiki zikapita. Libérat alijifunza kupika bugali, kwanza ukiwa na madonge, kisha bila madonge. Jirani yake Pontien alimchokoza walipokuwa wakipalilia. "Weye! Muke yako iko Uvira ku bandari, na unalala usingizi?" Libérat alijibu kwamba usingizi ni kidogo kweli, lakini anaulala. Wivu ulikuja kila siku, kama mgeni asiyealikwa. Aliuacha ukae, akaendelea kupalilia, na hakukata mche hata mmoja.

Walirudi siku ya soko. Kankindi alishuka mwenyewe, amekonda, anatabasamu. Daktari alikuta kinyama kidogo ndani ya mfereji wa maziwa, akakitoa. Hakikuwa cha aina mbaya. Lakini aliwaambia wazi: cha aina mbaya huanza vile vile, kwa alama ile ile ya damu, na nje huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana mtu asikawie. Tangu hapo, kila siku ya kupima watoto, Kankindi alikwenda dispansere, akakaa kwenye benchi, akawasimulia wanawake kwa sauti kubwa mambo aliyokuwa akiyaficha. Waliomcheka walikuwa wachache. Waliobaki nyuma kumnong'oneza Mama Émérance walikuwa wengi.

Siku ile ya kurudi, Pudentienne alikuta nyumba imefagiwa na Firmin ameshiba. Libérat alimpokea mzigo, akamletea maji ya kunywa. Aliuliza safari ilikuwaje. Aliuliza shangazi alilala vipi hospitalini, na ziwa lilikuwa na mawimbi au lilitulia. Halafu akachukua jembe, maana jua lilikuwa bado juu.

"Baba Firmin," Pudentienne akamwita.

"Ndiyo."

"Maziwa ilikauka."

Libérat aligeuka. "Sikukuuliza."

"Ninajua," Pudentienne akasema. "Ndiyo maana ninakuambia."